Soko la Spika za Wakoli

Lugulu,
9 Februari 2024

Dada Edah,

Pokea salamu kutoka kwetu. Tuko wazima, isipokuwa goti la mama mkwe, Kukhu wa watoto, ambalo linatabiri mvua kila siku na kila siku linakosea. Mukhisa ameingia kidato cha pili na amerefuka mpaka suruali ya shule inaonyesha soksi zote. Mahindi tumeshapukuchua, panya wamechukua sehemu yao bila kutuuliza. Joy anaendeleaje huko chuoni? Baba Joy naye?

Najua utashangaa kupata barua kama ya enzi za wazazi wetu. Simu yangu ilianguka kwenye ndoo ya maziwa na tangu siku hiyo inaongea kwa sauti ya juu tu. Nikikupigia, boma lote linasikia, na wa kwanza kusikia ni shemeji Wanyonyi, ambaye tangu tumzike ndugu yake anashinda kwangu kuliko kwake. Nikiandika ujumbe kwa simu, mama mkwe anauliza ninamwandikia mwanamume gani. Kwa hivyo nimempa Chelagat barua hii, yule jirani yako anayekuja kuuza mitumba siku ya soko.

Neno lenyewe ni hili. Unavijua vile vyombo vya marehemu mume wangu: spika nne kubwa, amplifaya, miksa, maiki na jenereta, ambavyo alikuwa akikodisha kwa matanga na harusi. Vimejaa sebuleni. Wanyonyi huja jioni, anakaa juu ya spika moja, anaigongagonga kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha ananiuliza, "Mama Mukhisa, hizi umeamua aje?" Namwambia bado naomboleza. Lakini nitaomboleza mpaka lini? Siku moja atakuja na vijana wabebe kila kitu na aseme ni mali ya ukoo.

Nataka kuviuza kabla ya hiyo siku. Bungoma siwezi na Webuye siwezi, kila mtu anazijua spika za Wakoli. Wanyonyi atapata habari kabla mimi sijapata pesa. Wewe uko Kitale na nusu ya mji inakula chapati zako. Niulizie mahali mtu anaweza kuuza vyombo vya umeme vilivyotumika akalipwa pesa mkononi siku hiyohiyo, siyo nusu leo na nusu tukionana.

Tafadhali, usimwambie mtu ni vya nani.

Ni mimi mdogo wako,
Roselyne

*

Kitale,
28 Februari 2024

Roselyne,

Sisi hatujambo. Joy yuko chuoni, anakula pesa na kusema ni vitabu. Hoteli inaenda, ila bei ya unga inanifanya nisukume chapati nyembamba mpaka mteja mmoja aliinua yake akanitazama kupitia kwayo. Baba Joy ameenda Lwakhakha, kule mpakani, kwa biashara ya vitunguu. Kukhu mwambie pole ya goti.

Sasa nisikilize. Ulisema nisitaje mwenyewe, na nilijaribu. Nilikwenda kwa fundi Kipkirui pale nyuma ya soko nikamwambia niko na spika za mtu fulani. Aliweka chuma chake cha kulehemu chini akaniambia, "Mama Joy, spika za mtu fulani ndizo zilinipeleka seli mwaka juzi." Huku kitu kilichotumika kisipokuwa na mwenyewe kimeibwa, hakuna njia ya tatu. Ikabidi niseme. Nikamwambia ni za marehemu shemeji yangu Wakoli wa Lugulu na anayeuza ni mjane wake. Nimesema hivyo kila mahali nilipokwenda, kwa hivyo usinikasirikie.

Kipkirui anataka amplifaya tu, ya kutoa vipuri. Spika anasema atabaki akizitumia kama viti. Kuna mama mmoja wa vyuma kuukuu anayeitwa Wangu, yeye ananunua kwa kilo. Nilimuuliza kama anapima na ile sauti, akaniambia sauti haina uzito. Mchungaji Rotich ameanzisha kanisa kwenye ghala la zamani la mahindi na anazitaka zote, tena sana. Nilipouliza pesa alifumba macho akasema Bwana atakulipa. Nikamwambia Bwana alipe kwanza ndipo spika zije.

Wa maana ni Mzee Inderjit, yule wa kilemba cha samawati mwenye duka la vyombo vya umeme pale kona. Anauza vipya na vilivyotumika, na anatoa pesa papo hapo. Aliniletea kiti kabla sijasema neno. "Mama, mimi sinunui hadithi," akasema. "Leta nisikie. Kikilia vizuri, tunaongea." Kijana wake Yuvraj yuko tayari kuja na gari mpaka kwako.

Tuma picha. Na ukishauza, funga nyumba uje Kitale na watoto. Chumba cha nyuma kiko wazi, nimekisafisha, nimekiwekea hata pazia. Tutasukuma chapati pamoja.

Edah

*

Lugulu,
23 Machi 2024

Dada Edah,

Samahani kwa kukawia. Chelagat alikosa masoko mawili kwa malaria, halafu mimi nikashikwa na homa ya koo, sauti ikapotea kabisa. Mukhisa anafurahia, anasema nyumba imetulia. Kukhu anakushukuru kwa pole, ingawa goti amelisahau. Siku hizi ana mwendo.

Picha ndizo hizi, Mukhisa alizipiga. Yule Mzee Inderjit mwambie avumilie kidogo. Jenereta ilikuwa inakohoa, nimempa fundi aiangalie. Spika moja iko kanisani, waliomba ya Pasaka. Na barabara ya kwetu baada ya mvua hii gari la mtu wa mji litalala matopeni. Mwezi ujao labda.

Kuhusu kuhamia Kitale, asante. Pazia ni la rangi gani?

Huku watu wanakufa sana mwaka huu. Kila Jumamosi kuna mazishi, wakati mwingine mawili. Sijui ni nini.

Baba Joy amerudi?

Roselyne

*

Kitale,
14 Aprili 2024

Roselyne,

Salamu baadaye. Pazia ni la maua.

Yuvraj ameniuliza mara ngapi sijui, na ile adabu yao, "Mama, dada yako bado ana nia?" Mpaka nakwepa kona ile nikienda kununua unga. Joy naye aliweka picha zako kwenye kundi moja la kuuza na kununua kwa mtandao, na sasa watu wasiolala wananiandikia. Wote wanauliza maneno mawili, "Bado iko?" Ukijibu iko, wanauliza bei ya mwisho. Ukiwaambia bei ya mwisho wanapotea kama wameitwa na mama yao. Mmoja alitaka kubadilishana spika na mbuzi aliye na mimba. Mwingine alisema atalipa mara mbili, bora tu nimtumie namba ya siri ya simu yangu. Nilimtumia namba ya polisi.

Kwa hivyo mji mzima sasa unazijua spika za Wakoli. Asiyezijua ni kipofu na kiziwi pamoja. Kilichobaki ni wewe kuzileta.

Halafu Chelagat amekuja kunieleza kitu. Anasema Jumamosi iliyopita alikuona Misikhu umesimama juu ya pikapu, umevaa suruali ya marehemu, umeshika waya kwa meno. Nikamwambia hiyo ni malaria haijatoka vizuri. Akaapa.

Roselyne, unafanya nini? Mimi nimefagia chumba, nimeuza jina langu kwa kila mwenye duka Kitale, na wewe unaniuliza rangi ya pazia. Kama hutaki kuuza, sema. Kama hutaki kuja, sema pia.

Baba Joy bado yuko Lwakhakha. Vitunguu vimekawia.

Edah

*

Lugulu,
2 Mei 2024

Dada yangu,

Shikamoo, nikuamkie kwanza kwa heshima maana najua umenuna. Watoto wanakusalimu. Ng'ombe amezaa ndama dume, amenivunja moyo, lakini ndiye huyo.

Chelagat hakuwa akiota kwa malaria. Alikuwa ni mimi.

Nilipokuandikia mara ya kwanza nilitaka kuuza kweli. Halafu kabla barua yako haijafika, walikuja watu kutoka Misikhu. Mzee wao alikuwa amekufa na walikuwa wamezoea vyombo vyetu, waliwatangazia watu wote kwamba spika ni za Wakoli. Yule kijana aliyekuwa akimsaidia Wakoli alishahamia Tongaren kwa kazi ya mahindi. Nikawaambia mwenyewe alikufa. Mama mmoja akaniambia, "Tunajua, tulikuja kumzika. Lakini spika hazikufa, au?"

Miaka yote nilikuwa nakaa karibu na Wakoli nikimshikia tochi na kumenya karanga, na macho yangu yalikuwa kwenye vidole vyake. Basi nikaenda. Suruali nilivaa kwa sababu huwezi kupanda pikapu kufunga kamba na rinda, watu wataangalia yasiyowahusu.

Mchungaji wa pale Misikhu alinijia akauliza, "Fundi yuko wapi?"

"Ndiye huyu."

Akaangalia nyuma yangu. Kulikuwa na mbuzi tu.

"Ni mimi, Mchungaji," nikamwambia. "Ongea kwa maiki nikusikie."

Kwanza vyombo vilipiga kelele mpaka watoto wakakimbia. Nikashusha hapa, nikapandisha pale, vile nilivyokuwa nikimwona. Halafu kwaya ikaanza, na sauti ikatoka safi, ikavuka mto, ng'ombe wa ng'ambo wakainua vichwa. Edah, tangu Wakoli afe, ilikuwa mara ya kwanza kitu chake kuwa hai. Nililia. Watu walidhani ninamlilia mzee wao, wakanipa chai kabla ya wageni wa heshima.

Tangu hapo sijapumzika. Homa ya koo ilikuwa ni kupigia kelele vijana wa kubeba spika. Disko la matanga sifanyi. Nafanya nyimbo za Mungu, matangazo, na wanasiasa nawazimia maiki nikichoka nao, kisha nasema ni jenereta. Kukhu huja nami, namweka kiti cha mbele.

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umeshaweka pazia.

Wanyonyi amekasirika. Anasema mjane wa ndugu yake anacheza na nyaya mbele ya majeneza, na kwamba hizo spika zitatoka kwangu nitake nisitake. Ninalala nimeegemeza kitanda mlangoni.

Na wewe, dada, hivyo ni vitunguu gani?

Roselyne

*

Kitale,
25 Mei 2024

Roselyne,

Ulipopiga simu Jumatatu, boma lako lilisikia upande wako na hoteli yangu ikasikia upande wangu. Ulisema umempeleka Kukhu hospitali kwa goti, mmerudi, sebule ni tupu na Wanyonyi ameonekana na pikapu akielekea Kitale. Nilikwambia tulia, nikakata. Ngoja nikueleze yote, maana vyombo vimeshakufikia lakini habari haijakufikia.

Wanyonyi alianza kwa Kipkirui, kila mtu huanza hapo. Kipkirui alitazama zile spika akasema, "Hizi si za mjane wa Lugulu?"

"Mimi ni ndugu ya marehemu."

"Sawa. Kaa hapo nimpigie Mama Joy."

Hakukaa. Alikwenda kwa yule Wangu wa vyuma, akajaribu kuziuza kama vyuma. Wangu alimwambia hata kwa kilo hazichukui, na kwamba angeona haya kama angekuwa yeye. Akatafuta kanisa la Mchungaji Rotich. Rotich alizikumbuka spika za mjane vizuri kwa sababu nilimkatalia. Akamshika Wanyonyi kichwa akaanza kumwombea atubu, na akamwombea mpaka dereva wa pikapu akaja kudai pesa ya kusubiri.

Mwisho akafika kwa Mzee Inderjit. Yule mzee hakumfukuza. Alimpa kiti na chai, akamtuma Yuvraj kwangu mbio. Mimi nilikuwa katikati ya kusukuma chapati. Nilitoka na kile kifimbo cha kusukumia mkononi, sikukumbuka kukiweka chini.

Niliwakuta hivi: Wanyonyi ameinama kwenye nyaya, jasho linamtoka, na Mzee Inderjit amekaa na kikombe chake. "Mimi nanunua nikisikia," anamwambia. "Washa." Wanyonyi aliwasha. Ile sauti iliyotoka, Roselyne, wanaume watatu barabarani walilala chini.

Nikasema, "Shemeji, karibu Kitale."

"Hii ni mali ya ukoo," akasema bila kunitazama.

"Huo ukoo ulikuwa wapi Wakoli akizilipia kwa mazishi ya watu?"

"Mwanamke hawezi kurithi spika."

"Lakini anaweza kuziwasha," nikasema, na watu waliokuwa wamekusanyika wakacheka. Hapo ndipo alipogeuka. Alisimama wima, akanyoosha kidole, akasema kwa sauti ambayo haikuhitaji maiki, "Wewe unachunga mali ya dada yako na bwana yako ameoa Lwakhakha. Ameoa mwenye lojingi ya wageni. Uliza mtu yeyote."

Kuna wateja wangu walikuwa pale. Nilitaka kusema vitunguu, nikaanza kujipangusa unga kwenye gauni. Kifimbo kilikuwa kizito sana mkononi.

Mzee Inderjit aliweka kikombe chake chini. Kisha akasema, "Yuvraj, saidia mama kupakia." Wakapakia zote. Dereva alisema yeye alikodishwa kwenda na kurudi, kwa hivyo anarudi, Wanyonyi atake kupanda au asitake. Alipanda nyuma, kati ya spika mbili.

Basi umejua. Mimi nilijua tangu kabla ya Krismasi. Kile chumba cha nyuma nilikisafisha kwa sababu jioni nikifunga hoteli nyumba inakuwa na kimya ambacho siwezi kukieleza. Nilitaka uuze uje, na sikuuliza kama wewe unataka.

Sitaki pole. Chapati zinauzika vilevile.

Edah

*

Lugulu,
8 Juni 2024

Dada Edah,

Hatujambo. Ndama anaendelea. Spika zote zimefika, moja imekwaruzwa ubavuni lakini inalia. Jumamosi ile ile nilikuwa na kazi.

Wanyonyi aliitisha wazee wa ukoo kuja kuniamulia. Kabla hawajakaa vizuri Kukhu alitoka nje na fimbo yake. Kwake yeye spika ni redio, akamwambia mwanawe, "Ledio ya Wakoli iache. Ukitaka ledio, nunua yako." Wazee walimaliza chai wakaenda. Mimi nilidhani ni upendo. Baadaye Kukhu aliniambia kwamba tangu nianze kazi hii anakula nyama kila Jumamosi akiwa kiti cha mbele, na hawezi kurudi kwa sukuma wiki kwa sababu ya upumbavu wa Wanyonyi.

Siuzi, Edah. Mwambie Mzee Inderjit namshukuru na nikihitaji maiki mpya nitakuja kwake mwenyewe.

Ulisema hutaki pole, sitakupa. Lakini nisikufiche. Nilijua tangu Machi. Chelagat huvuka na mitumba mpaka Lwakhakha, na alimwona Baba Joy anafagia mbele ya ile lojingi, amevaa kaptura. Anafagia, Edah. Kwako aliwahi kushika ufagio? Tangu hapo nilikuwa nakuuliza habari zake katika kila barua nikingoja uniambie, na wewe ukanipa vitunguu. Nikaona nikikulazimisha utaacha kuniandikia kabisa.

Sikuambii umwache au umngoje. Ila mwezi wa nane nina harusi Kimilili na sina mtu wa kuongea na wateja. Mimi nikidaiwa punguzo nalegea. Wewe ulishindwa kuuza kitu kimoja mji mzima lakini watu wote walikuogopa. Nahitaji mtu kama huyo. Njoo siku mbili, uone.

Roselyne

*

Kitale,
30 Juni 2024

Roselyne,

Joy amefunga chuo, yuko hapa analala mpaka saa tano na kusema anapumzisha akili. Nilimweleza habari ya baba yake. Alisema alijua. Inaonekana hata paka alijua.

Harusi ya Kimilili nitakuja. Waambie hao watu bei haipungui, ili wazoee mapema.

Nimeuza televisheni. Ile kubwa ya ukutani, ambayo Baba Joy alikuwa akiitumia kutazama mpira na kuniambia nisipite mbele. Niliinunua mimi kwa pesa ya chapati, rimoti tu ndiyo ilikuwa yake. Sikuhitaji kuuliza mtu ni wapi. Nilimwita Yuvraj asubuhi, akaja akaitoa, Mzee Inderjit akaisikiliza na kuitazama, akanihesabia pesa juu ya kaunta. Sikuomba aongeze. Hakuniuliza ni ya nani.

Baada ya wiki moja Baba Joy akaja. Sijui kama amefukuzwa au amechoka kufagia. Alibisha hodi, hilo lilinishangaza, kwa nyumba yake. Aliingia, akakaa kwenye kile kiti chake, akanyoosha mkono kutafuta rimoti, ndipo akaona ukuta.

"TV iko wapi?"

"Nimeuza."

"Umeuzia nani?"

"Mtu aliyekuwa na pesa mkononi."

Alikaa akitazama pale mahali kana kwamba itarudi. Mimi nilidhani nitapiga kelele, nilikuwa na maneno tangu Krismasi, nimeyapanga vizuri. Badala yake nilimpa chai kwa sababu ni mtu amefika nyumbani. Alikunywa. Akaniuliza kama anaweza kulala. Nikamwambia chumba cha nyuma Joy ameweka vitu vyake, na cha mbele ni changu. Akasema sawa, akachukua koti lake. Pale mlangoni aligeuka akataka kusema kitu, halafu akaniambia niangalie gesi, ilikuwa inanuka. Na ilikuwa inanuka kweli. Niliifunga.

Nililia kidogo, siyo sana. Joy aliamka akanikuta, akaniuliza kama kuna chapati.

Pale televisheni ilipokuwa kumebaki mraba wa rangi ya zamani, ile tuliyopaka tukihamia, na ukuta wote uliobaki umekuwa mweusi wa moshi. Sikujua kwamba nyumba yangu imechafuka hivyo. Nilikwenda kununua rangi na mwenye duka akaniuliza Baba Joy anapenda ipi. Nikamwambia sijui, na ni kweli, sijui. Mimi napenda manjano.

Nimeanza upande wa dirisha. Acha niishie hapa, brashi inakauka.

Edah